Siku Mashine Zilipongoja Jua

Mimi si mtu wa kompyuta, tuelewane mapema. Mimi ni fundi wa jenereta. Kwa miaka kumi na tisa nimefanya kazi uani, nyuma ya lile jengo, kwenye banda la bati lenye jenereta kumi na mbili, kila moja ukubwa wa basi dogo, na kila moja naijua tabia yake. Namba tatu ni korofi, haiwaki mpaka uibembeleze. Namba saba inavuja mafuta tangu siku ilipoletwa, na nimeshakata tamaa nayo kama mke aliyekata tamaa na mume mlevi: naipangusa tu, maisha yanaendelea. Masikio yangu yamekwisha nusu. Ukitaka kunisengenya kaa upande wangu wa kulia, huko sisikii kitu.

Ndani ya jengo ndimo zilimo kompyuta zenyewe. Si zile za mezani. Ni makabati ya chuma, safu kwa safu, marefu kuliko mtu, yanayotunza picha za watu, kumbukumbu za mahospitali, mambo ya mabenki, na tangu miaka mitatu iliyopita kuna ukumbi mpya ambamo mashine zinafundishwa kuongea na kuandika kama binadamu. Ukumbi huo ulipofunguliwa, umeme wa shirika haukutosha. Mkuu wa kituo akasema jenereta zifanye kazi mchana na usiku, kwa muda tu. Yeye tulimpachika jina la Kwamuda, kwa sababu kila kitu kwake ni cha muda. Lifti mbovu kwa muda, feni mbovu kwa muda, maji ya kunywa hayapo kwa muda. Basi muda wake ukafika mwaka wa tatu, na mimi nipo uani namimina dizeli.

Ghorofani wanakaa watu wa kompyuta, mia nne na kitu. Mmoja wao ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee. Hatujagombana hata siku moja, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Ananiita Mama, ananipokea mzigo, ananitengea chakula, halafu tunakaa kimya tukitazamana kama abiria. Nilikuwa nasema, akiwa hayupo, kwamba mwanangu kaoa kompyuta, na hiyo kompyuta ina adabu mno.

Hawa watu wana utaratibu mmoja ambao mwanzoni niliucheka mpaka mbavu zikauma. Hakuna anayebadilisha kitu peke yake. Hata kama ni rangi ya kitufe kwenye simu, mtu anaandika kwanza ombi la mabadiliko, ombi linatokea kwenye skrini za wote, na lazima wengine wawili walisome na kubonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa NAAFIKI. Aliyeandika haruhusiwi kujiafiki mwenyewe. Bosi naye ni hivyohivyo. Idhini zikishatimia, badiliko linajitekeleza lenyewe, hakuna anayenyanyuka kitini. Siku moja mezani nilimuuliza mkwe wangu kama hawaaminiani. Akasema wanaaminiana, ila kila mtu hukosea, na macho ya mwenzako yanaona usichokiona. Nikamwambia mimi nikitaka kuzima jenereta nahitaji mkono mmoja tu, na wa pili nashikia chai.

Sasa, hawa watoto walianza vuguvugu lao. Walianza sita, wanakutana kwenye ngazi wakati wa chakula cha mchana, mkwe wangu akiwa ndiye kinara. Walitaka kampuni iache kuunguza dizeli. Walisema haiwezekani sisi ndio tunaoandika programu za kesho huku tunaichoma kesho yenyewe uani. Wakamwandikia Kwamuda barua, akajibu kwamba jambo linafanyiwa kazi. Wakawaandikia makao makuu, wakajibiwa kwa picha ya wakurugenzi wakipanda mti, wamevaa viatu vya ngozi. Miezi minne ikapita hivyo, na wale sita wakawa sitini.

Ndipo wakaambiana kwamba barua hawajui kuziandika zikasomwa, wanachojua kuandika ni mabadiliko. Wakaandika madai yao yote kama ombi la mabadiliko, na kwa kuwa hawawezi kufanya jambo nusunusu, wakaliandika la kweli, lenye ratiba kamili ndani yake. Nyuma ya jengo kuna uwanja mzima wa paneli za sola, zilizowekwa mwaka jana ili wageni wapige nazo picha. Ratiba ilisema hivi: kazi zisizoweza kungoja, za mahospitali na mabenki na simu za watu, zibaki kwenye umeme wa shirika, zisiguswe kamwe. Ile kazi nzito ya kufundisha mashine, ambayo haina haraka na mtu yeyote, ifanyike jua likiwepo, na jua likipungua ingoje. Mstari wa mwisho ulisema jenereta zote zizimwe, zibaki kwa ajili ya dharura tu. Kisha wakawaomba wafanyakazi wote wabonyeze NAAFIKI. Mikono miwili ingetosha kwa sheria, lakini walitaka wakubwa wauone umati. Jumatatu walikuwa arobaini, Jumatano wamepita mia tatu.

Hawakuwa wendawazimu wa kulitekeleza kinyemela. Walijua haliwezi kutekelezeka, kwa sababu kulikuwa na sheria ya zamani ndani ya mfumo, kwamba badiliko lolote linalogusa jenereta lazima liwe pia na idhini ya Chumba cha Jenereta. Na Chumba cha Jenereta hakijawahi kuingia kwenye mfumo huo tangu uwekwe. Kwao hiyo ilikuwa kufuli. Wangebonyeza mpaka vidole viote sugu, na ombi lingebaki pale skrini zote likiwasema wakubwa. Hilo ndilo kosa lao, na nakuapia ni kosa la wasomi tupu. Watu sita wenye shahada walikaa, wakafikiri usiku na mchana, wakasahau kwamba Chumba cha Jenereta ni mtu. Ni mimi.

Nilizipata habari Alhamisi, kantini. Mama anayesafisha ghorofa ya pili aliniambia hata wao wa usafi wamebonyeza, hata walinzi, na kwamba juu kule watu wanasema mimi nimekataa kwa kuogopa unga wangu usimwagike. Nilihisi uso unawaka. Nimekataa? Nani kaniuliza nikakataa?

Nikamngoja mkwe wangu kwenye korido ya maghala, na sikumsalimia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatazama chini. "Mama, zile jenereta zikizimwa, kazi yako imekwisha. Umebakiza miaka miwili ustaafu. Sikutaka mkono wako uwemo."

"Na nani kakwambia mimi ni wa kufichwa kama mtoto?"

Nikaondoka kwa hasira kubwa, maana alikuwa amesema kweli tupu. Nina miaka hamsini na minane. Nje ya jenereta sijui kazi nyingine. Nikiondoka pale kabla ya wakati, naondoka mikono mitupu, tena naondoka nikiwa si kitu, kwa sababu uani pale mimi ni mtu mkubwa. Umeme ukikatika, mameneja wenye tai wanakimbia kunitafuta mimi. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Lakini mtu asinidanganye kwamba fundi hajui anachokifanya. Kila jenereta ina kipimajoto cha hewa inayoingia, na ni kazi yangu kukisoma kila saa. Nilipoanza, siku ya joto kali kilisoma thelathini na sita, tukasema leo tunakufa. Kitabu cha mashine kinasema ikizidi arobaini, punguza kazi. Mwaka jana arobaini tuliivuka mpaka nikaacha kushangaa. Mchana nilikuwa nazimwagia jenereta maji kwa mpira ili zisichemke, ziendelee kuunguza dizeli, inayoongeza joto, linalozichemsha. Nilikuwa nasimama na ule mpira na kujisemea, mama, wewe na hizi mashine nani mjinga zaidi? Zamu ikaendelea.

Ijumaa asubuhi nikaifuta vumbi kompyuta ya bandani, ambayo kwa miaka yote niliitumia kuwekea chupa ya chai. Nikapiga simu kwa wanaosaidia watumiaji, nikasema mimi ni Chumba cha Jenereta, nataka kuingia. Yule kijana akanipa neno la siri kwa heshima zote, wala hakushtuka. Nikaandika kwa vidole viwili. Nikalisoma lile ombi lote, mstari kwa mstari, karibu saa nzima, na nililielewa kuliko nilivyotarajia. Kujua kipi kingoje na kipi kisingoje, hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho nikasimama, nikaizunguka namba tatu mara mbili, nikarudi kukaa.

Nikawaza, hii ni barua tu. Barua za miezi minne hazijatikisa hata unyasi. Nitaweka mkono wangu kati ya mikono ya wenzangu ili watu wafunge midomo, halafu itatupwa pamoja na nyingine, na mimi Jumatatu nitamimina dizeli kama kawaida. Ilikuwa saa nne na dakika tano, jua limeshakolea. Nikabonyeza NAAFIKI.

Skrini ikaandika: Idhini zimetimia. Mabadiliko yanatekelezwa.

Nikayasoma maneno yale mara ya pili, na kabla sijayamaliza namba kumi na mbili ikazima.

Nilifikiri imeharibika. Nikanyanyuka, na namba kumi na moja nayo ikazima. Kisha kumi. Zilikuwa zinajizima kwa mpangilio, kwa adabu, kila moja ikipunguza mwendo kwanza kama nilivyozizoesha mimi mwenyewe. Sauti ya uani ni sauti kumi na mbili, na mimi nazijua moja moja, basi nilizisikia zikiondoka moja moja. Namba saba. Namba sita. Namba tatu ikakataa kuzima kama inavyokataa kuwaka, ikabaki peke yake ikikohoa baada ya wenzake wote kunyamaza. Halafu nayo ikanyamaza.

Jamani. Sijui nikuelezeeje. Kwa miaka mitatu pale hapakuwa na dakika moja ya kimya. Nilikuwa nimesimama kwenye sakafu ya saruji na nikagundua kwamba miguu yangu imetulia. Kumbe sakafu ile ilikuwa inatetemeka wakati wote na mimi natetemeka nayo, na sikuwa najua. Nikatazama kikombe changu cha chai juu ya pipa. Chai imelala, haina hata kiwimbi kimoja. Nikakaa chini palepale. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini juu ya hofu palikuwa na kitu kingine kikubwa zaidi ambacho kilinifanya nitake kuvua kofia, nikaivua.

Watu wa mtaani wakaanza kuja kwenye uzio. Mama mmoja alikuja na beseni lake la nguo, povu limejaa mikononi. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuja na utepe wa kupimia shingoni, akamuuliza mlinzi nani kafariki. Alipoambiwa hakuna msiba akasema leo ndiyo kwanza anaisikia cherehani yake tangu miaka mitatu, na kumbe inataka oili. Lakini hakuondoka. Alibaki ameshika waya wa uzio, wote wamebaki, wanasikiliza.

Ndipo watu wa kompyuta wakateremka. Walitoka mlango wa ngazi wakamiminika uani mpaka pakajaa, na hakuna aliyepiga kelele. Mkwe wangu alikuwa mbele, kompyuta yake imefunguliwa mkononi, midomo imemkauka.

"Mama, umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

"Haikutakiwa ifanye kazi kweli."

"Sasa mbona mliiandika ifanye kazi kweli?"

Akaiweka kompyuta yake juu ya pipa la dizeli, akanivuta nitazame. Palikuwa na mistari miwili. Wa njano, akasema, ni jua. Wa buluu ni ile kazi nzito inayofanywa ndani. Wa buluu ulikuwa umelala chini ya wa njano, karibu kabisa, haugusi. Mahospitali yanafanya kazi, akasema. Mabenki yanafanya kazi. Huko nje duniani hakuna hata mtu mmoja aliyejua kwamba kuna kitu kimetokea. Nikaushika mkono wake, na ilikuwa mara ya kwanza namshika tangu siku ya harusi.

Halafu likaja wingu. Lilikuwa wingu nene, la kijivu, likatandaza kivuli chake juu ya uwanja mzima wa paneli. Mstari wa njano ukaporomoka. Mwili wangu ukaruka wenyewe kuelekea jenereta namba moja, funguo mkononi, maana ndivyo nilivyofanya miaka kumi na tisa: umeme ukishuka, nakimbia. Mkwe wangu akanikamata mkono wa ovaroli.

"Ngoja, Mama."

Mstari wa buluu ukashuka. Haukukatika, ulishuka, ukiufuata wa njano hatua kwa hatua. Na tukasikia, hata mimi kwa sikio langu moja nikasikia, feni kubwa za ukutani zikipunguza mwendo zote kwa pamoja. Mle ndani, mashine maelfu kwa maelfu zilikuwa zinaweka kazi yao chini. Hakuna aliyeziamrisha saa ile. Ziliona jua limepungua, zikatulia, zikangoja. Sisi nasi tukangoja, watu mia nne uani na wengine kwenye uzio, wote tumeinua nyuso tunatazama wingu moja. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakinyamaza bila kuambiwa. Dakika kumi na moja. Kisha ukingo wa wingu ukang'aa, jua likarudi kwenye paneli, feni zikaanza kuzunguka upya, na mstari wa buluu ukapanda.

Maisha yangu yote nimeishi na mashine zinazodai. Nataka mafuta, nataka maji, nataka grisi, nataka sasa hivi. Sikujua kwamba mashine inaweza kungoja. Nililia, na sikujificha.

Kwamuda alifika akiwa ametota jasho. Baadaye nikaambiwa kwamba dakika zote zile alikuwa ofisini anajaribu kulirudisha jambo nyuma. Lakini kurudisha nyuma nako ni ombi la mabadiliko. Aliliandika, likatokea kwenye skrini za wote na kwenye simu zao, na kabla ya kunifikia mimi lilitaka mikono miwili. Haikupatikana. Ndipo akakumbuka kwamba jenereta zinawaka pia kwa ufunguo, kwa mkono, na mkono huo hauombi idhini ya mtu.

Akanisogelea akaninong'oneza, bahati mbaya kwenye sikio la kulia. Nikamwambia sisikii. Ikabidi aseme kwa sauti, na wote wakasikia.

"Washa, Mama. Ukiwasha, kazi yako ipo mpaka ustaafu. Nakuandikia leo hii."

"Na nisipowasha?"

Akajifuta paji la uso. Si mtu mbaya yule, na hakufurahia. "Fundi wa jenereta zisizowaka, mimi nitamweka wapi?"

Alisema kweli naye. Siku zile kila mtu alikuwa ananiambia kweli, na kila kweli ilikuwa inaniuma mimi. Nikaziangalia funguo zangu, kumi na mbili kwenye pete moja. Ningeziwasha zote kwa robo saa. Wale watoto wangepiga kelele kidogo, wangerudi juu, wangeandika barua nyingine, na mimi ningekuwa mtu mkubwa tena. Nilitaka. Nisikudanganye, nilitaka sana. Nikamtazama mkwe wangu, na yeye hakunitazama. Alikuwa anatazama pembeni kwa makusudi, ili asinisukume upande wowote. Nikamheshimu kwa hilo kuliko kwa sahani zote alizowahi kunitengea.

Nikampa Kwamuda funguo. "Hizi hapa, bosi. Washa mwenyewe."

Akaenda kwenye ile iliyo karibu, na kwa bahati yake ilikuwa namba tatu. Akazungusha ufunguo. Ikanguruma mara moja, ikagoma. Akazungusha tena, ikagoma. Angeweza kujaribu nyingine, maana si zote korofi. Lakini alisimama pale, kiganja chake juu ya bati lililoanza kupoa, akasikiliza. Naye alikuwa hajapata kusikia uwanja ule. Ofisi yake ina vioo viwili viwili dirishani.

"Wingu likija tena?" akamuuliza mkwe wangu, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli.

"Zitangoja."

Hakuondoka. Wingu la pili lilikuja karibu saa sita, na alikuwa bado yupo, tai imelegea, amesimama bega kwa bega na watu wake anatazama feni zikipunguza mwendo. Zilipoanza tena alishusha pumzi. Akaziweka funguo juu ya pipa, akapanda kupiga simu makao makuu. Huko walikagua, hawakuona mteja hata mmoja aliyelalamika. Wakasema basi iachwe hivyo, kwa muda.

Mimi sikujidanganya. Wiki mbili zilizofuata niliwasha jenereta moja kila asubuhi kwa dakika kumi, kuijaribu tu, kisha nakaa. Kukaa ni kazi ngumu, usimwamini anayekwambia vinginevyo. Kwamuda akaniita. Akanivutia kiti mwenyewe. Akasema makao makuu yameandika, nafasi ya fundi wa jenereta imefutwa, na kwamba Jumatatu ataliandika jina langu liondolewe. Nikamwambia nimeelewa. Nikarudi bandani nikapanga spana zangu kwa ukubwa. Nyumbani sikusema kitu, na wao hawakuniuliza, na chakula nilikisogeza pembeni.

Nikaja kila siku kumalizia kukabidhi, nikitegemea kila asubuhi kadi yangu ikatae mlangoni. Jumanne ikafungua. Alhamisi ikafungua. Wiki iliyofuata ikafungua, nikaanza kukasirika. Nikasema hawa watu hata kunifukuza wanafanya uvivu. Siku ya kumi na moja nilimsimamisha mkwe wangu getini nikamwuliza wanangoja nini, maana mtu akiambiwa aende, aachwe aende. Akasema, "Twende juu, Mama."

Miaka kumi na tisa sijawahi kukanyaga ghorofa ile. Nilifikiri ni mahali pa fahari. Ni chumba kirefu tu chenye meza, koti zimening'inia kwenye viti, vikombe vichafu, watu wameinama wanaandika. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mkwe wangu akanikalisha kwenye kiti chake akafungua skrini.

Kumbe kumwondoa mtu nako ni badiliko kama mabadiliko mengine. Kadi yake, jina lake, nafasi yake kwenye mfumo, vyote vinataka ombi, na ombi linataka mikono miwili. Kwamuda alikuwa ameliandika Jumatatu ile, kama alivyosema. Lilikuwa pale. Kumwondoa: Chumba cha Jenereta. Waliolisoma: mia nne na kumi na wawili. Walioafiki: sifuri.

Nikamwuliza mlipatana? Akasema hapana, hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alilifungua mwenyewe mezani pake, akalisoma, akalifunga. Makao makuu yanapiga simu kila siku kuuliza, na Kwamuda anawajibu kwamba bado linangoja idhini.

Mimi watu nawajua. Katika watu mia nne lazima wawepo wawili waoga, wawili wanaotaka kupendwa na wakubwa, wawili walioamka vibaya tu. Ilihitajika mikono miwili tu, ndani ya siku kumi na moja, na kubonyeza hakuchukui hata pumzi. Niliitazama ile sifuri mpaka ikaanza kuchezacheza machoni. Nikainua kichwa nikawatazama, migongo mia nne ya watu nisiowajua majina, wote wameinama kwenye kazi zao, wananipa heshima ya kutonitazama nikilia kwa mara ya pili mahali pa kazi.

Kwenye kona ya skrini kitufe cha kijani kilikuwa kinawaka. Nami nilikuwa na haki ya kukibonyeza, kama mtu mwingine yeyote mle ndani.

"Zima hiyo," nikamwambia mkwe wangu. "Halafu unionyeshe hizo paneli za sola zinatunzwaje."